Safu Tupu Kwenye Daftari la Zahanati

Muswada wangu wa kwanza wa makala ya jarida la kitabibu ulirudi baada ya wiki saba. Nilikuwa nimehesabu wagonjwa wa miezi sita walioandikiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, katika zahanati moja ya Temeke, Dar es Salaam, nilikokuwa nikifanya kazi, nikachora majedwali, nikajaza kurasa kumi na mbili kuonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyotamalaki mjini. Mpitiaji wa kwanza alisahihisha lugha. Wa pili hakugusa chochote katika mjadala wangu mrefu. Aliuliza swali moja tu: hiyo UTI ilithibitishwa vipi?

Kesho yake nilifika kazini mapema, nikafungua kabati, nikatoa kile kitabu kikubwa cha MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, cha wagonjwa wa nje. Jina, umri, jinsia, mtaa, vyote vimejazwa kwa mwandiko mzuri. Nikafika safu ya vipimo: kistari. Chini yake kistari. Ukurasa mzima vistari, kisha ukurasa mwingine, na pembeni yake safu ya ugonjwa imeandikwa UTI, UTI, malaria, UTI. Nikamwita dada wa mapokezi, ambaye ndiye aliyekuwa akijaza.

“Hiyo safu huwa tunairuka, Dokta,” akaniambia. “Hakuna aliyewahi kuja kuisoma.”

“Na wa manispaa wakija?”

“Hao wanataka jumla ya mwisho wa mwezi. Ya katikati hawaulizi.”

Tangu siku hiyo, kijana akinijia kutaka nimfundishe kuandika makala ya jarida la kitabibu, simuulizi kwanza kuhusu jarida. Namuuliza daftari lake likoje. Nimesoma miswada mingi ya wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya jiji hili, na ninaamini kwa dhati kwamba mingi hailiwi na mhariri. Imeshakufa miaka miwili kabla, siku ambayo mtu aliruka safu kwa sababu hakuna atakayeisoma.

Hasara yake ni kubwa. Mgonjwa wa Dar es Salaam haanzii Muhimbili. Anaanzia duka la dawa, anakwenda zahanati ya mtaani, pengine kituo cha afya, na mpaka afike rufaa ameshapita mikononi mwa watu wanne. Wanaoandika zaidi ni wale wa mwisho wa safari hiyo. Kwa hiyo kinachosomwa kuhusu magonjwa yetu kinawahusu zaidi wale walioweza kufika, au waliozidiwa kiasi cha kufikishwa. Wale wengine, wa homa ya siku mbili na kikohozi cha wiki, ambao ndio wengi, wamebaki kwenye vitabu vyenye vistari.

Tunajua inavyokuwa mtu akiamua kuwaangalia hao kwa makini. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto 1,005 wenye homa, wagonjwa wa nje tu, kutoka Dar es Salaam na Ifakara. Kila mtoto alipimwa kwa utaratibu uleule badala ya kukisiwa. Watoto 62 katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya mfumo wa hewa. Malaria ilikuwa kwa takribani 10 katika 100, UTI kwa takribani 6, na taifodi haikufika hata 4. Wagonjwa wangu wengi walikuwa watu wazima, kwa hiyo siwezi kuweka namba zangu kando ya hizo nikatoa hukumu. Lakini niliposoma majibu yale nikakumbuka kitabu changu, niliona aibu ya kweli, kwa sababu nilikuwa nimekaa katikati ya jiji lilelile na sikuwa na uwezo wa kusema hata kama nakosea.

Kuna watu hudhani utafiti wa namna hii lazima uwe na maabara ya mamilioni. Huo ulikuwa nayo, sikatai. Lakini tiba ya familia, ile ya daktari wa kwanza anayemwona kila mgonjwa wa mtaani, ilijengwa pia na watu wenye daftari na subira. William Pickles alikuwa daktari wa kijiji cha Aysgarth huko Wensleydale, kaskazini mwa Uingereza. Kwa miaka alichora chati ya kila mgonjwa wa kuambukiza aliyemwona: ni nani, wa kijiji gani, aliugua lini, alikutana na nani. Vijiji vile vilikuwa vidogo kiasi kwamba aliweza kufuata ugonjwa wa manjano kutoka mkutano mmoja wa watu hadi mwingine, akahesabu siku, akaonyesha kwamba ugonjwa unajificha mwilini kwa karibu mwezi mmoja kabla ya kujitokeza. Kazi hiyo aliikusanya kitabuni mwaka 1939, na chuo cha madaktari wa jumla cha Uingereza kilipoanza, mwaka 1953 yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Hakuwa na hospitali wala chuo kikuu nyuma yake. Ila safu zake zilijazwa.

Nimewaza mara nyingi kuhusu Pickles na milipuko ya dengi ya 2014 na 2019 hapa kwetu. Wagonjwa wa mwanzo wa homa hiyo hupita kwenye zahanati wakilalamika kichwa, macho na viungo, wanapimwa malaria, kipimo kinasoma hamna, wanapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani. Daftari lililojazwa vizuri lingeonyesha homa zisizo malaria zikipanda wiki baada ya wiki, mtaa kwa mtaa. Hiyo ni makala. Inaweza kuandikwa na tabibu mwenye kalamu na rula.

Sasa, jarida la tiba ya familia linataka nini? Yapo tunayoweza kuyaendea. Chama cha Madaktari Tanzania kina Tanzania Medical Journal, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ina jarida lake, na kwa bara zima kuna African Journal of Primary Health Care & Family Medicine linalochapishwa Afrika Kusini. Kila moja lina masharti yake ya idadi ya maneno na mpangilio, na hayo yasomwe kabla ya kuandika, si baada. Umbo la makala ya utafiti linajulikana: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala, na juu ya yote ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ambayo ndiyo mhariri huisoma kwanza na mara nyingine ndiyo pekee atakayoisoma. Hapo sina la kuongeza.

La kuongeza ninalo kuhusu swali. Miswada yetu huwa na vichwa vipana kama bahari: changamoto za wagonjwa wa kisukari Tanzania. Ukifungua ndani unakuta watu sitini wa kliniki moja ya Mbagala. Sina tatizo na watu sitini wa Mbagala, tatizo langu ni ile Tanzania iliyobandikwa juu yao. Swali la daktari wa familia ni dogo, lina miguu na jina la mtaa. Wiki mbili kabla ya Ramadhani mwaka mmoja, mzee mmoja wa kisukari aliketi mbele yangu, tukasalimiana, akaweka pakiti za dawa mezani moja moja kama mtu anayepanga karata, akasema: “Daktari, mwezi unaingia. Hii ya mchana nitaimeza saa ngapi?” Alikuwa anauliza kwa heshima, lakini nilielewa kwamba atafunga nikimruhusu au nisipomruhusu. Baada yake walikuja wengine watatu na swali hilohilo. Siku hiyo hakuna mgonjwa aliyeniuliza kuhusu changamoto za kisukari Tanzania. Waliuliza saa ya kumeza kidonge.

Swali kama hilo halizaliwi wodini, kwa sababu wodini dawa huletwa na muuguzi kwa saa. Linazaliwa kwenye chumba chenye feni mbovu na foleni mpaka barazani. Na ndilo mhariri wa jarida la aina hii analolitafuta, kwa sababu msomaji wake ni mtu wa Chanika au Kigoma ambaye kesho asubuhi atakuwa na mzee wa namna hiyohiyo mbele yake. Mwandishi anapaswa kumwona msomaji huyo anapoandika kila aya. Yeye atabadilisha nini?

Yapo mengine yanayotuua kabla ya mhariri, na la kwanza ni kibali cha maadili. Kijana anakusanya taarifa za mwaka mzima, anaandika, anafika kwenye fomu ya jarida inayouliza namba ya kibali, ndipo anapokuja mbio kutafuta. Kamati haitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Hata kama ulichotumia ni daftari tu na hukumgusa mgonjwa, taarifa zile ni za watu, na ruhusa inaombwa kabla: kwenye kamati ya chuo au NIMR, na kwa Mganga Mkuu wa manispaa husika. Na kwa kuwa nimeshika suala la watu, niseme na hili: picha za vidonda na vipele vya wagonjwa tunazorushiana kwenye makundi ya WhatsApp zinanisumbua sana. Makala ya mgonjwa mmoja inahitaji ridhaa yake kwa maandishi, akielewa picha itaonekana wapi na na nani. Ile ya kundi la WhatsApp inaihitaji pia, tumezoea vibaya tu.

La pili linaniuma zaidi, nalo ni majina. Kila aliyefanya kazi hapa mjini anajua jinsi orodha ya waandishi inavyojazwa. Kuna mkubwa wa idara ambaye hakuiona kazi mpaka ilipoiva, jina lake linaingia. Kuna rafiki anayetaka kupanda daraja, naye anaingia. Aliyejaza daftari mvua za masika zikivuja juu ya kabati anashukuriwa kwa jumla: tunawashukuru wafanyakazi wote wa kituo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyoanzia mkutano wa Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti ambayo majarida mengi yanayafuata. Mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi, kukusanya taarifa au kuzichambua, awe ameandika au kuirekebisha makala kwa hoja, awe ameiridhia ilivyo mwishoni, na awe tayari kuijibia. Yote manne kwa pamoja. Cheo hakimo. Aliyetimiza moja tu anashukuriwa kwa jina lake na kwa alichokifanya.

Watu wakiniambia utaratibu huo ni wa Wazungu na hauendani na heshima yetu kwa wakubwa, huwakumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyowekwa kwenye friza yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akachekwa darasani. Aliendelea kuuliza, hadi alipomuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, aliyekwenda kuzungumza katika shule yake ya baadaye, Mkwawa ya Iringa. Osborne hakuelewa jibu, akaenda kujaribu maabara. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na jina la kwanza ni la Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori karibu na Moshi. Msomi wa chuo kikuu alikuja wa pili. Mpaka leo dunia inaliita jambo lile kwa jina la kijana aliyeliona. Nani anaweza kusema heshima ya Osborne ilipungua?

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi. Majarida mengi ya kusomwa bure humtoza mwandishi, na ada inaweza kuzidi mishahara ya miezi kadhaa ya tabibu. Wachapishaji wengi wana msamaha kwa nchi zenye kipato kidogo, lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, na kwa baadhi ya wachapishaji msamaha kamili uligeuka punguzo. Wengine bado wanasamehe yote. Ulizeni kwa barua kabla ya kutuma, na muombe mapema, maana makala ikishakubaliwa baadhi yao hawasikilizi. Anayekuandikia usiku wa manane akikuita profesa mashuhuri na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku tano ni tapeli, na makala aliyoimeza huwezi kuipeleka kwingine kwa amani. Nina wenzangu wawili walioumia hivyo. Hawakuwa wajinga, walikuwa na haraka ya kupanda daraja.

Linalostahili muda zaidi ni lugha. Tunamsikiliza mgonjwa kwa Kiswahili, tunaandika daftari kwa vifupisho vya Kiingereza, kisha tunaandika makala kwa Kiingereza cha kuazima kutoka makala za wengine. Kati ya hatua hizo tatu mgonjwa hupotea. Mama anaposema tumbo la chango hasemi maumivu ya tumbo tu. Ana picha nzima kichwani ya hedhi, uzazi, na dawa ya bibi yake. Anaposema mtoto ana degedege, uamuzi wake wa kwenda hospitali au kwa mganga unaweza kuwa umo ndani ya neno lile. Ukiandika maumivu ya tumbo na ukaendelea, umetupa matokeo yako ya thamani kuliko yote.

Maneno ya wagonjwa yana haki ya kuingia jaridani, na yameshaingia. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na viungo ulizuka kwenye uwanda wa Wamakonde, huko Newala. Walioumwa walikunjamana kwa maumivu ya viungo, na watu wakauita kwa Kimakonde chikungunya, chenye kukunja. Marion Robinson na William Lumsden walipoandika habari zake, makala zikatoka mwaka 1955 katika jarida la chama cha tiba ya nchi za joto cha London, neno lile halikutafsiriwa. Leo daktari wa Brazili au India analiandika kwenye fomu yake kila siku. Limetoka kinywani mwa watu wa Newala ambao majina yao hatuyaoni popote.

Ndiyo maana siku hizi rasimu ya kwanza naiandika kwa Kiswahili, yote, mpaka mjadala. Marafiki zangu wananiona najitwisha kazi mara mbili. Lakini nilipoiandika upya ile kazi ya UTI, safari hii baada ya kupata kibali na kujaza safu ya vipimo kwa miezi minane, nilimpa rasimu dada wa mapokezi aisome. Alikaa nayo siku mbili. Aliirudisha akiwa amepigia mstari sentensi moja niliyoipenda sana, iliyosema kwamba sehemu ya wagonjwa walikataa kutoa mkojo, na nilikuwa nimeijengea hoja ya aya nzima kuhusu haya na mila.

“Hawakukataa, Dokta,” alisema. “Vikopo vilikuwa vimekwisha.”

Nikatoa leja ya stoo. Wiki tatu za mwezi wa nne, hakuna vikopo. Tarehe zililingana na mapengo yote. Aya ile ya haya na mila niliifuta, nikaandika mistari mitano kuhusu vikopo, na wapitiaji walipoisoma baadaye ndiyo waliyoisifu. Kama rasimu ingekuwa kwa Kiingereza tu, ningekuwa nimewasingizia watu wa Temeke mbele ya dunia, na hakuna ambaye angejua.

Wapitiaji wa safari hiyo walituma hoja ishirini na tatu. Nilikasirika kwa siku moja, kisha nikazijibu moja moja, hoja yao juu na jibu letu chini yake, tukikubali zilizokuwa kweli na kueleza kwa adabu zile mbili tulizozikataa. Anayeacha muswada kwa sababu ya hoja ishirini na tatu hajui kwamba kazi isiyo na matumaini hurudishwa kwa mistari miwili.

Makala ilitoka ikiwa na majina manne. Dada wa mapokezi ni wa tatu, maana alipanga jinsi ya kujaza, aliirekebisha rasimu, aliiridhia, na akaulizwa lolote kuhusu daftari anajibu yeye. Nilimchapishia ukurasa wa kwanza nikampelekea pale dirishani. Alisoma jina lake taratibu, akakunja karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mkoba. Kisha akavuta kitabu, akaweka rula chini ya mstari wa mgonjwa niliyetoka kumwona, akanitazama juu ya miwani.

“Dokta, huyu wa mkojo, kipimo kimesomaje?”